Mama Kigoda, Mwenzi wa Waliofungiwa Peke Yao

Alizaliwa katika nyumba ya fundi cherehani, na kabla hajajua kusoma alikwisha kujua kutunga uzi. Mdogo wake wa kiume alifungwa akiwa kijana, na huko gerezani akajitoa uhai. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo. Hata picha yake iligeuzwa ikatazama ukuta. Dada mtu alibaki na swali moja: je, kuna aliyemuuliza hali? Kwa ajili ya swali hilo aliomba kufundisha ushonaji katika gereza lile lile. Alikwenda na kigoda chake mwenyewe, na wafungwa wakampa jina hilo, Mama Kigoda.

Jaribu lake kubwa lilikuja wakati wa joto. Kijana mmoja, mcheshi wa karakana, alimletea shati. "Mama, niongezee mikono ifike hapa," akaonyesha kwenye kiwiko cha kiganja. Wenzake wakamcheka: "Jua lote hili? Au unaenda kuposa?" Mama Kigoda hakucheka. Walipotoka kwenda kula, alimuuliza bila kuzunguka: "Mwanangu, unajiumiza? Unafikiria kufa?" Kijana akalia, kisha akamsihi asiseme. Maana aliyejiumiza alihesabiwa mkosaji, akafungiwa peke yake. Ndiyo sababu wote walificha.

"Sitanyamaza," alimjibu, "wala sitakuacha." Akaenda kwa mkuu wa gereza, akaomba muuguzi, akaomba na ruhusa ya kukaa na kijana katika chumba ambamo angefungiwa.

"Mama, kile ni chumba cha adhabu," mkuu alisema. " Na kumuuliza hivyo, si umemtia wazo?"

"Wazo alikuwa nalo, baba. Alichokosa ni mtu."

Mkuu akakubali. Mlango ukaachwa wazi, askari akasimama kizingitini, na Mama Kigoda akakaa ndani na kijana akishona kutwa, siku baada ya siku.

"Mama, kigoda hicho kitaota mizizi," askari alimtania.

"Basi kimwagilie, wewe umesimama bure."

Kijana akacheka, na jioni hiyo akala. Muuguzi aliendelea kumtibu, naye akapona. Baadaye adhabu ile ilifutwa. Aliyeelemewa alipewa mwenzi wa kukaa naye.

Mama Kigoda alifariki kwa homa ya mapafu. Waumini husimulia kwamba mlango wa chumba kile, ulipotolewa, haukukubali tena kuingia katika fremu yake. Maseremala husema mbao zilivimba tu, na Kanisa halijatamka neno. Lisilo na ubishi ni kwamba siku ya mazishi ndugu zake waliigeuza tena ile picha ya mdogo wake, uso ukawatazama watu, na kwamba yule kijana, sasa mtu huru, hurudi gerezani kila wiki kukalia kigoda kile. Nasi tumwige: tusiogope kuuliza, na tukishauliza, tusiondoke.