Koti la Kafa Ulaya

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata vifungo. Kwa hiyo usiniambie niliona vibaya. Hili lilitokea gulioni Kimuli, jioni ya mvua, akili zangu zote zikiwa mahali pake.

Nauza mitumba, lakini nguo za mabaharia wa nje nazikusanya. Za jeshi letu sizigusi. Napenda kulala nyumbani. Mpya sitaki. Nataka zilizofanya kazi: kola iliyoliwa na jasho, mkono wenye doa la rangi ya meli, kiwiko kilichotiwa kiraka na mtu asiyejua kushona.

Ugonjwa huu kaniachia baba. Alitoka Tanga kuja kuuza nguo Karagwe, akakuta baridi ya Ihembe haina utani, akachomoa kwenye belo koti zito la baharia. Alilivaa mpaka alipofariki. Na kila asubuhi, kabla ya kutia mkono, alilibishia hodi.

"Hii ni kafa Ulaya," alikuwa akisema. Ndivyo mitumba ilivyoitwa enzi zao. "Mwenyewe kafa, lakini huingii kwa mtu bila hodi."

Tulicheka. Wewe usingecheka?

Jioni ile koti lilikuwa nyuma yangu, limetundikwa, bado linanukia mafuta ya karafuu aliyokuwa akijipaka magotini. Akaja kijana wa Kizungu, nywele zinachuruzika maji.

"Shikamoo."

"Marahaba. Chagua, bei tutaelewana."

"Nataka lile."

"Lile haliuzwi. Kafa Ulaya ziko hapa mbele, tele."

"Sikufia Ulaya," akasema taratibu. "Nilifia majini."

Nimezoea wateja wenye mbinu, nikamjaribu. "Kama ni lako, kifungo cha tatu kina nini?"

"Uzi mwekundu. Mweusi ulikuwa umeniishia."

Kweli tupu. Na niamini, Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, cha baba mwenyewe, na ule mvuto wake wa mwisho wa neno. Nikamuuliza kajifunzia wapi.

"Kwa mzee aliyelivaa. Alikuwa akinisemesha kila asubuhi. Sasa hanisemeshi mtu. Nimekuja kulichukua."

Ningempa meza nzima. Lile sikuweza. Harufu ya baba ingeondoka nalo, na nyingine sina.

"Niachie," nikasema. Katika maisha yangu ya kupatana bei, sijawahi kuanza na neno hilo.

"Umebisha hodi?"

Nikaligeukia koti. "Hodi."

"Karibu," sauti yake ikajibu nyuma yangu, kwa upole.

"Baba, unapatana na nani?" akaniuliza mama wa ndizi, jirani yangu wa meza.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mzungu akipita Kimuli watoto humsindikiza mpaka barabara kuu. Huyu hakufuatwa hata na mbwa. Nikalishika koti. Mabega yalikuwa yamelowa, na turubai langu halivuji. Nikalamba kidole: chumvi.

Tangu siku hiyo nalivaa mimi. Kila asubuhi nabisha hodi, namweleza yule kijana habari za mvua na kahawa, na mambo ya baba niliyokuwa nimeyasahau. Mke wangu anasema nimezeeka mapema. Mabega hayajakauka mpaka leo.

Nawe ukinunua mtumba, vuta bei utakavyo. Ila kabla hujatia mkono, bisha hodi. Na ukijibiwa karibu, usiombe tena kupunguziwa.