Maji ya Jirani

Enzi zetu, mtu akitaka kujua kama mtaa una usalama alitazama ndoo. Hakutazama ukuta kwa sababu kuta hatukuwa nazo, wala hakutafuta kamera, kwani kamera tuliyoijua ilikuwa moja tu, ya mpiga picha wa sikukuu ya Idi, aliyetusimamisha mbele ya pazia la maua tukamkodolea macho kama watu waliokamatwa na kuku wa wizi. Ndoo ndiyo ilikuwa ushahidi. Kila nyumba ilikuwa na yake nje, kando ya mlango, imejaa maji pomoni na kufunikwa ungo mbovu ili kuku wasinywe.

Mtaa wenyewe ni Kisimani, hapa hapa Ukunda, na nyumba zote wakati huo zilikuwa za makuti. Aliyekulia chini ya makuti anajua kwamba moto wake hauna subira. Cheche moja kutoka jikoni, upepo ukavuma kidogo, na paa limekwisha kabla mwenye nyumba hajamaliza kujifunga leso. Kwa hiyo ndoo ile ilikuwa ya moto tu, na maji yake yaliitwa maji ya jirani. Hukuyanywa, hukuoshea miguu, hukupikia hata kama wamekuja wageni kutoka Msambweni na mtungi umekauka. Na hayakuwa ya nyumba yako. Nyumba yako ikishika, wewe utakuwa umo ndani unatoa watoto na wazee. Maji ya kukuokoa yatatoka milangoni mwa wenzako. Ya mlangoni mwako ni ya kuwaokoa wao. Hakuna aliyeiandika sheria hii mahali popote, na hakuna aliyeivunja, ila sisi watoto.

Maana kazi ya kuyabadilisha ilikuwa yetu. Kila Ijumaa asubuhi tulimwaga maji ya wiki nzima kwenye mchicha, tukasugua utelezi kwa mchanga na makumbi, kisha tukaenda kisimani kuteka mapya. Mama hakukubali hadithi. Alitumbukiza kidole, akakitazama, na akiona kiluwiluwi kimoja tu, mwiko ulitoka jikoni ukiwa bado na ugali. "Jirani akiungua utamzimia kwa mbu?" aliuliza, na swali lile halikuhitaji jibu, lilihitaji mbio. Vijana wa leo ukiwaambia wakateke maji kisimani watakuuliza paswadi yake.

Kile kisima nakikumbuka hadi harufu. Mdomo wake ulizungushiwa mawe ya matumbawe yaliyolainishwa na kamba za miaka mingi, na ukiinama ulipigwa usoni na ubaridi wenye kunuka kuvumwani, ule ukijani wa mawe mabichi. Tuliita majina yetu ndani yake yakaturudia na sauti nene, tukajiona watu wazima. Hapo hapo pembeni tulicheza chandimu kwa mpira wa matambara, na mpira ukiangusha ndoo ya mtu, mchezo ulikoma na timu zote mbili zilipanga foleni kuteka, hata golikipa aliyekuwa mbali na tukio na aliyeapa kwa jina la bibi yake kwamba hakugusa.

Nyumba ya mwisho mtaani ilikuwa ya shangazi yangu, Bi Mwanatumu, dada yake baba. Alipika mahamri yenye iliki nyingi kiasi cha kukuamsha usingizini, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili ya mbaazi zake. Chini ya upenu wake ulining'inia upembo wa mtaa: mwanzi mrefu sana, ncha yake ina chuma kilichopindwa na fundi wa vyuma, wa kuvutia makuti chini moto unapozuka. Wawili wanavuta, wengine wanamwagia, mwanya unapatikana kati ya kinachowaka na kisichowaka, na nyumba ya pili inapona. Upembo haukuwa na kufuli. Yeyote angeuchukua, wakati wowote, bila hodi.

Sisi tuliuchukua siku moja kuangulia mabibo. Tulikuwa wanne juu na chini ya mkanju, tumejaa utomvu hadi viwikoni, shangazi akatokea. Hakupiga kelele. Aliunyakua upembo, akatuchapa mmoja mmoja kwa upande usio na chuma, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiona bibo nayasikia: "Huu si wa matunda. Huu ni wa roho za watu." Tuliurudisha chini ya upenu kwa maandamano, tukilia kwa zamu.

Basi tukakua, tukasoma, tukawa werevu. Makuti yaliondoka moja moja, mabati yakaja, kisha vigae, kisha ukuta, na juu ya ukuta vigae vya chupa vya kumkaribisha mgeni. Leo mtaa wetu una kamati ya usalama, na katibu wake ni mimi. Msicheke. Nilichaguliwa kwa kuwa ninaandika vizuri, na kweli niliandika. Nilitayarisha orodha ya huduma za mtaa, ya rangi: zahanati iko wapi, polisi nambari gani, zimamoto nambari gani, fundi wa umeme, fundi wa mabomba. Niliizungushia fremu ya maua nikaibandika getini, nikaituma na kwenye grupu la simu, nikapigiwa makofi ya vidole vya manjano mpaka simu ikapata joto.

Geti lenyewe tulilijenga zuri. Juu tuliweka tao la zege lenye maandishi: Karibu Kisimani, Mtaa Salama. Kisima nacho tulikifunika kwa mfuniko wa chuma na kufuli, mtoto asije akatumbukia, na ufunguo akapewa katibu. Niliuweka kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa na funguo za makabati tuliyokwisha kuyauza. Kwenye ile orodha yangu, sehemu ya maji, niliandika kwa fahari: Kisima, kimefungwa kwa usalama wa wakazi.

Shangazi peke yake alibaki na makuti. Kila nilipompitia na kumwamkia, "Shikamoo shangazi," aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye unga wake, na kando ya mlango wake ile ndoo ilikuwapo, imejaa, imefunikwa ungo. Nilimwambia siku hizi tuna nambari ya zimamoto. Aliniuliza, "Hiyo nambari ina mpini?" Nilicheka, nikaenda kuwahadithia wenzangu kamatini, nao wakacheka.

Jumamosi moja, baada ya alasiri, kusi linavuma, nilikuwa nimejilaza kochini natazama mpira. Simu ikalia mara moja, kisha ikawa haiachi. Kwenye grupu mtu aliandika: Naona moshi upande wa mwisho. Mwingine akaandika: Pole. Wa tatu, wa nne na wa tano wakaandika pole, na mmoja akaongeza mikono ya dua. Kuna aliyetuma video nzuri sana, imetulia, mkono haukutetemeka hata kidogo. Mmoja alilalamika kwamba grupu hili si la video. Na mwisho kabisa jirani mmoja mwenye bidii akaituma grupuni orodha yangu mwenyewe, na fremu yake ya maua, akaandika: Rejeeni hapa.

Kwenye ile video nililiona banda la jiko la shangazi.

Nilikimbia. Nilipofika kona nikakumbuka maji, nikakumbuka kisima, nikakumbuka ufunguo, nikarudi nyumbani kuupekua miongoni mwa betri. Jamani, nililia mbele ya droo. Nilijaribu funguo za makabati yote tuliyowahi kuwa nayo kabla sijaupata. Kisha kufuli likawa na kutu, halikufunguka mpaka nilipoligonga kwa jiwe. Na kisima kikiwa wazi, ndipo nilipogundua kwamba mtaa mzima hauna kamba, wala ndoo ya kutekea. Tulikuwa na kamera sita.

Gari la zimamoto liliitwa, nalo lilikuja, sitawasingizia. Lilisimama getini. Lilikuwa refu kuliko tao letu, na dereva alishuka, akasoma Karibu Kisimani, Mtaa Salama, akavua kofia akajikuna kichwa.

Nilipomfikia shangazi alikuwa amesimama uani, leso imemdondoka, ameushika ule upembo. Peke yake. Mikono ya miaka sabini na kitu inavuta makuti ya watu wawili. Mwanya aliupata nusu, na nusu haikutosha, moto ukavuka kutoka jikoni ukapanda nyumba. Nilishika mpini nyuma yake tukavuta pamoja, makuti yakatuangukia na cheche zake, lakini kazi hiyo ilihitaji kuanzwa robo saa kabla. Wenye nyumba walikuwa wametoka kwa wingi, wamesimama barabarani na simu zao juu. Wengine walikuwa na huzuni ya kweli, niliiona. Ila hakuna aliyekuwa na kitu mkononi cha kumwagia.

Moto ulipokwisha, zilibaki kuta za udongo na karai la mahamri. Shangazi alikaa kwenye jiwe, nikapiga magoti mbele yake. Niliona kando ya pale palipokuwa mlango ile ndoo yake, imejaa vilevile, ungo umeungua pembeni.

"Shangazi, mbona hata maji haya hukuyamwaga?"

Alinitazama, akaielekezea ndoo kidole.

"Hayo si yangu mwanangu, ni yenu. Yangu nilikuwa nayangojea kutoka kwenu."

Nimekwisha kutukanwa na watu wenye kipaji cha kutukana, wa Kinango na wa Vanga, lakini sijapata kupigwa kama siku ile.

Sasa shangazi anaishi kwangu, chumba cha nyuma, anakisema kitanda changu kuwa laini kama uji. Upembo tuliuokoa, unalala kando ya ukuta wangu, kwa nje, na kamati imeniandikia barua kwamba unaharibu sura ya mtaa. Na Ijumaa ya kwanza tu aliniamsha nikateke maji. Aliibeba ndoo yeye mwenyewe, akatoka nayo nje ya geti langu, akaiweka njiani. Ndani ya ukuta, alisema, jirani ataifikiaje?

Adhuhuri haijaadhiniwa, grupu likawaka. Jirani wa mbele yangu, Baba Tifani, mtu wa bara aliyekuja na kazi za hoteli, alikuwa ametuma picha ya ndoo iliyochukuliwa na kamera yake, ameizungushia duara jekundu. "Wasee, nani ameacha hii kitu inaangalia gate yangu? Naskia huku Coast mnatupianga vitu. Kama ni uchawi mseme mapema, mimi niko na watoto." Watu wakaanza kuandika pole.

Nilianza kumjibu. Niliandika: Hayo ni maji yako ukiungua. Nikayasoma, nikaona yanavyosomeka, nikayafuta haraka. Niliandika tena, nikafuta tena. Yale ambayo mama alinifundisha kwa mwiko na swali moja, mimi katibu niliyechaguliwa kwa kuandika vizuri sikuweza kuyaandika.

Zamani ningevuka njia nikapiga hodi, na kabla sijamaliza mtu angeniitikia "Karibu" kwa jina la baba yangu, kwa kuwa amekijua kikohozi changu. Basi nikavuka njia. Hatua saba, nilizihesabu. Nilisimama mbele ya geti lake, ndoo mkononi, maji yakinimwagikia miguuni, nikabonyeza kengele. Jicho la kamera liligeuka likanitazama toka utosini hadi kwenye kandambili, na sauti ikatoka ukutani, ya mtu niliyekaa naye uso kwa uso kwa miaka tisa.

"Wewe ni nani?"