Dubu wa Sufi na Bwana Mkaguzi

Siku ya kwanza kazini Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki, fimbo ambayo sikuipenda, na somo la Jiografia la darasa la tatu. Shule ilikuwa Temeke, kuta za udongo na paa la makuti, karibu na kwetu kiasi kwamba nilifika chai ikiwa bado ya moto tumboni. Mie nilikuwaga mtu wa nyumbani. Wenzangu wa chuo cha ualimu walitamani kuiona nchi. Mie nilitamani kitanda changu.

Ila mwalimu mpya alikuwa kwenye majaribio. Bwana Mkaguzi angekuja kukaa nyuma ya darasa, kisha aamue kama nibaki au nipelekwe bara. Mwalimu Mkuu hakunificha.

"Kuna nafasi Tunduru. Mwalimu hayupo, simba wapo."

"Mwalimu alikwenda wapi?"

"Si nimekwambia simba wapo?"

Zamu ya ukaguzi ikaangukia somo la nchi za baridi. Serikali ilituletea chati, yaani picha kubwa ya kutundika ukutani: dubu mweupe juu ya barafu. Watoto wakakata shauri kuwa ni mbuzi aliyenenepa. Nikaona maneno hayatoshi, tuingie kazi za mikono. Boksi la sabuni kutoka duka la Mhindi likawa uso. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo, na wengine wakailamba. Manyoya yakawa sufi, na kwa kuwa sikuwa na nyingine, nilipasua mto wangu.

"Na huyo dubu," mke wangu akauliza, "usiku ndiye utakayemlalia?"

Barafu nilinunua kwa wauza samaki, imefungwa kwenye gunia. Wa kwanza kuishika akapiga kelele, "Mwalimu, inaunguza!" Nikawafundisha pia chakula cha dubu: sili, mnyama wa baharini mwenye mwili mnene kama samaki mkubwa na masharubu kama ya babu.

Siku ikafika. Bwana Mkaguzi alikuwa Mwingereza mrefu, Kiswahili chake cha mtihani, hakosei ngeli hata moja. Mwajuma, binti wa muuza vitumbua, ndiye aliyevaa uso wa dubu ili wenzake wamhoji. Bwana Mkaguzi akawawahi.

"Wewe dubu, unakula nini?"

"Sili, Bwana."

"Huli? Tangu lini?"

"Kila siku, Bwana."

"Kila siku huli?"

"Nakula, Bwana. Sili."

"Sema moja. Unakula, au huli?"

"Nakula sili!"

Akanigeukia, uso umemwiva. "Mwalimu, mtoto huyu ana njaa?"

Mlangoni Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika kichwa. Mie nilishaiona Tunduru, na simba mmoja kavaa kitambaa shingoni tayari kwa chakula. Nikarukia ubao kuchora, lakini kwa haraka yangu, nilichochora kilikuwa mto wenye masharubu.

"Huyu hapa, Bwana. Jina lake ndilo sili."

Akautazama ubao, akamtazama dubu. Mwajuma akavua uso kwa hasira, sufi ikapeperuka. "Si ndivyo nilivyosema!"

Bwana Mkaguzi akacheka mpaka sufi ikamwingia mdomoni. "Mitihani yote ya Kiswahili nimefaulu," akasema huku akikohoa, "leo dubu amenifelisha."

Nje nikamsikia akimwambia Mwalimu Mkuu, "Huyu mwache hapa hapa." Nikajibwaga chini, nikakalia sufuria ya gundi. Wala sikujali.

Nimefundisha chini ya Walimu Wakuu wengi baada ya hapo. Nyie walimu wa leo mna picha za rangi, nawaonea wivu. Lakini mvisheni mtoto uso wa mnyama. Chati hubaki ukutani, aliyemvaa mnyama huondoka naye. Mara moja tu walinihamisha, nikalia kama ninayekwenda vitani. Sasa nimestaafu, na wajukuu wakiniuliza kazi ilinifikisha wapi, bibi yao huwahi kunijibia:

"Alifika Kinondoni, akarudi."