Kapita, Mama Mkwe na Udongo wa Barabara ya Ziwa

Jumamosi tumemzika kapita wa zamani, msimamizi wa vibarua wa barabara ya ziwa, ile iliyokuwa ikituletea samaki hapa Élisabethville. Alikuwa Mkasai mrefu, mwenye kicheko kikubwa. Wasomaji wangu mnanijua, sipendi kumsifu mtu kwa sababu tu amekufa. Lakini kilioni watu walirudia kisa chake kimoja, na karibu wote walikisimulia vibaya. Niacheni nikinyooshe.

Mvua za mwaka mmoja ziliporomosha mlima ulio juu ya barabara hiyo, makamyo ya samaki yakakwama. Mzungu wa barabara alitaka njia ifunguliwe upesi: miti iliyobaki mlimani ikatwe ya kujengea ukingo, na udongo wote usukumwe ziwani, maana ziwa liko pale chini na kuubeba mbali ni kazi. Sasa pale chini palikuwa na maji mafupi yenye matete, ndipo samaki walipotaga, na kijiji kizima kiliishi kwa samaki hao. Kapita wetu alikuwa ameoa katika kijiji hicho. Ndoa ilikuwa changa bado, na chakula cha kufungua mwiko kati yake na mama mkwe kilikuwa hakijapikwa. Mnajua mambo hayo: hamtazamani, hamsemeshani, na akiwa mbele yako wewe unageuka.

Asubuhi ya kumwaga udongo, mama mkwe alikuja na mkeka, akautandika kati ya matoroli na maji, akaketi kusuka mgono wake wa kutegea samaki. Kapita akageuka, akaenda kusimama kando, na watu wake wakaweka sepetu chini. Mzungu akafoka, akamuuliza kama mwanamume mzima anaogopa bibi kizee. Kapita akamjibu akiwa bado amempa yule mama mgongo: “Bwana, siwezi kupita mbele ya mama-mukwe yangu.” Jioni hiyohiyo akafukuzwa kazi. Yule mama, aliposikia, alipika chakula cha kufungua mwiko, akamwita mkwewe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Asante, mutoto wangu,” akamwambia. “Lakini batatuma mwingine.”

Wakamtuma kweli. Udongo ukaingia ziwani, matete yakafunikwa, samaki wakahama. Mlima uliovuliwa miti ukashuka tena mvua zilizofuata, ukaizoa barabara mpya, kazi yote ikawa bure. Vijana wengi mnaowaona leo wakitafuta kazi ya shaba mjini wametoka kijiji hicho, na baba zao walikuwa wavuvi. Mimi mpenda samaki nilinung'unika kwa sababu ya sahani yangu tu, kumbe wenzetu walikuwa wamepoteza ziwa lao.

Kilioni walimwita shujaa. Mwenyewe alichukia sana kuitwa hivyo. Mwezi uliopita nilipomtembelea, nilimpa habari inayosemwa mjini, kwamba barabara itajengwa tena kiangazi hiki, palepale na kwa namna ileile. Akaniuliza: “Weye unazania nilisimama juu ya kulinda samaki?” Nikasema ndiyo, sote tunadhani hivyo. Akatikisa kichwa. “Hapana. Ile asubui nilikuwa tayari kumwanga udongo. Muke yangu alinielezaka kama samaki banazala pale, nilijua muzuri. Ni haya ya mukwe tu njo ilinisimamisha. Kama angekuwa mama ya muntu mwingine, ningemuondosha pale na mukeka yake.”

Maneno hayo yananiuma hata sasa, kwa sababu ni ya kweli kwetu sote. Anayeumia akiwa mtu wetu, tunasimama. Akiwa mama wa wengine, tunasukuma toroli na kuiita kazi maendeleo. Sisemi barabara isijengwe. Nasema udongo upelekwe bara hata kama ni mbali, miti ya mlima iachwe imesimama, na wanaovua pale waulizwe kwanza. Kapita wetu alijifunza kwamba heshima aliyompa mkwewe alipaswa kumpa mwanamke yeyote atakayeketi pale, akaondoka na majuto hayo. Yule mama naye alishazikwa zamani. Na kapita anayepelekwa kiangazi hiki, nasikia, hana mkwe kule ziwani.