Hodi ya Mpaka Alama

Jina lake hatulijui. Ndiye anayepaka alama nyekundu ya X kwenye nyumba zitakazobomolewa kupisha barabara, eti Mbeya iwe jiji la kimataifa. Kwanza hupangusa vumbi ukutani kwa kiganja chenye sugu, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Brashi huikung'uta mara mbili kwenye kopo, rangi isidondokee kizingitini. Ila kabla ya yote hayo huvua kofia mlangoni, akabisha hodi, na hapaki mpaka akaribishwe. Na sisi wajinga, nyumba saba za mwanzo tulimjibu "karibu". Adabu zetu zenyewe ndizo zilizotuponza.

Siku ya Jumanne alifika kwa jirani yangu wa nyumba ya nane, Mama Rozalia, fundi cherehani. "Hodi, mama." Cherehani ikaendelea kulia. "Hodi." Mama Rozalia alimkazia macho, mguu haukuacha kukanyaga. Hodi ya tatu ilitoka kwa sauti ndogo. Bosi wake akafoka kutoka kwenye gari: "Paka twende! Unamwogopa nani?"

Yeye akafunika kopo. "Nimebisha mara tatu, bosi. Sijakaribishwa."

Kesho yake mvua ilikuwa imechuruzisha alama ya nyumba yangu, wakamrudisha aipake upya. Akavua kofia. Nilikuwa nashona kiatu. Nikauma uzi, nikainamisha kichwa. Hodi yake ya tatu ilisikika mtaa mzima.