Mkono wa Mkwe

Katika miaka sita ya ndoa yake, Elisante hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, alichepuka hadi ndani ya shamba la chai, akainamisha kichwa na kutoa shikamoo kwa sauti ya chini, na mama akaitikia huku ameshapita. Ndivyo alivyolelewa. Zahanatini alikuwa tabibu, asiyeona haya mbele ya mwili wa mgonjwa yeyote. Ukweni alikuwa mkwe tu.

Mchana mmoja wa Aprili, mvua ikipiga bila huruma, wanaume wanne waliingia zahanatini na machela. Nyuma yao alikuja mkewe, Yudith, amelowa chapachapa, amekumbatia kichanga ndani ya khanga. Elisante alidhani kichanga ndicho kinachoumwa. Kisha akaona damu ikichuruzika sakafuni, akamtambua aliyelazwa kwenye machela. Alikuwa Mama Paskalina, mama mzazi wa Yudith, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Uchungu ulimshika ghafla, akajifungulia nyumbani.

"Kondo la nyuma limegoma kutoka," Yudith alimwambia mumewe. "Tangu asubuhi, Baba Witness."

Muuguzi pekee, Mwanahawa, alikuwa ameteremka Muheza kufuata chanjo, na nyuma yake mlima uliporomoka ukakata barabara. Elisante akapiga simu shamba la chai kuomba gari. Wakamjibu kwamba trekta linaondoa udongo. Jioni huenda njia ikapitika.

Jioni ilikuwa mbali mno. Alichoma sindano, akatundika dripu, akangoja. Damu haikusikia dawa. Kilichobaki ni kuingiza mkono na kulitoa kondo mwenyewe.

Alipovaa glovu, shangazi yake Yudith, aliyekuwa ameifuata machela, alisimama kati yake na kitanda.

"Wewe! Pale ndipo alipotoka mkeo. Mkono wa mkwe haufiki pale. Unataka kuwaletea wanao laana?"

Baba mkwe, Mzee Kornelio, alikuwa mlangoni, kofia mkononi, macho chini.

Elisante alipima njia zote mbili. Akimgusa mama huyu, kisha mama akafa, watu wangesema mkwe kamuua kwa mkono wake mwenyewe. Asipomgusa, wangesema tabibu alikaa akimwangalia anavyokata roho. Hata mama akipona, wangekaaje ukoo mmoja? Alitamani mtu yeyote aingie, hata mwanafunzi wa uuguzi, ampokee mzigo ule.

"Shangazi, toka nje," Yudith alisema. "Mama anakufa."

Elisante aliinama kando ya kitanda. "Mama, niruhusu."

Mama Paskalina aliinua mkono taratibu, akavuta khanga, akajifunika uso.

Basi akafanya. Alimchoma dawa ya maumivu, akafanya kazi huku jasho likimwingia machoni, akisikia mlio mmoja tu wa mama chini ya khanga, mlio ambao hadi leo humshtua akiwa anakula. Kondo likatoka. Tumbo likakaza, damu ikapungua. Gari lilipofika, mgonjwa bado alikuwa anapumua. Hospitalini akaongezewa damu.

Mama alirudi nyumbani akiwa mzima, lakini shangazi aliacha kula nyumbani kwa Elisante, na maneno yakazunguka kijijini. Elisante akaanza kupita njia ya juu, ndefu, asipite mbele ya nyumba ya wakwe. Kila mtoto wake alipokohoa, aliikumbuka laana ya shangazi.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, siku ya kliniki, alimwona kupitia dirisha Mama Paskalina akipanda kilima na mtoto mgongoni. Alikimbilia stoo ya dawa, akafunga mlango, akamwachia Mwanahawa chumba.

Hatua zikaja hadi pale mlangoni, zikasimama.

"Mtoto ana homa," sauti ya mama ilisema. "Mkwe wangu abaki humo humo, namheshimu. Mimi nimemfuata tabibu."

Elisante alisimama gizani, mkono kwenye komeo. Kisha akafungua, akampokea mtoto huku macho yakiwa chini, akaanza kuhesabu pumzi zake.