Kikapu Juu ya Meko

Baba yangu alichuma kahawa ya watu kwa miaka minne bila kuionja hata tone. Najua hivyo kwa sababu alisema mwenyewe, mbele yangu na mbele ya Mzungu mmoja mgeni, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kilimo pale Masasi, siku ambayo mimi niliharibu maisha yake. Sitafuti neno laini la kueleza jambo hilo. Nimekuwa mwalimu miaka yangu yote, na nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko wangu.

Kwetu ni Newala, juu kabisa, ambako ukungu wa kipupwe hukaa mpaka saa nne asubuhi na maji hakuna. Wasioijua nchi ile hudhani natia chumvi. Ardhi inameza mvua yote, haiachi kijito wala kisima, na chemchemi ziko chini bondeni. Wanawake wa kwetu waliteremka alfajiri na mitungi mitupu, wakapanda nayo imejaa jua likiwa utosini. Maji ya kunawa uso yalipimwa kwa kata, na mgeni aliyeyamwaga bila kufikiri alisemwa mwezi mzima.

Huko ndiko Baba alikoamua kupanda kahawa.

Alikuwa amekwenda kaskazini kama manamba, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wenzake walipelekwa kwenye mkonge. Yeye akaangukia shamba la kahawa la Mzungu mmoja chini ya mlima. Aliporudi hakuleta baiskeli wala cherehani. Alileta mbegu alizozishonea kwenye pindo la suruali, maana kule hazikuruhusiwa kutoka. Akaziotesha nyuma ya nyumba chini ya migomba, ikatoka miche thelathini na kitu. Kila ilipozeeka alipanda mingine kutoka kwa ile ile, akaiangalia kama watu wanavyoangalia watoto wa uzeeni. Majirani wakambandika jina la Bwana Buni, wakawa wanamuuliza mkahawa unafunguliwa lini. Kahawa ilikuwa mambo ya watu wa pwani na wafanyabiashara wa Masasi kwenye vibaraza vyao. Sisi tulikunywa uji.

Miche haikufa, na sababu ya kutokufa kwake ni Mama. Alipanda kutoka bondeni na mtungi wa nyumbani, akautua, akateremka tena kwa ajili ya mtungi wa kahawa. Kiangazi chote, kila mwaka. Nilipokuwa likizo nilikwenda naye. Nilipokuwa shuleni alikwenda peke yake. Mimba iliyofuata baada yangu ilimharibikia njiani, katikati ya mteremko. Akalala siku tatu, ya nne akachukua mtungi. Hakupata mtoto mwingine. Baba aliyajua hayo yote. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, ila alikuwa na hasira za ghafla, na akikasirika alitoa maneno ambayo Mama aliyabeba kwa miaka.

Ilikuwa siku za mwisho za Waingereza, chama kimeshaanza kufanya mikutano ya hadhara hata huku kwetu, na mimi nimeshaanza kufundisha shule moja kati ya Newala na Masasi. Bwana Shamba wa wilaya, Mzungu kijana aliyesema Kiswahili vizuri, akasikia habari za kahawa ya Newala, akaja kuiona. Alizunguka miti yote akitikisa kichwa. Akasema huku ni nchi ya mikorosho, na mikorosho ndiyo serikali inayotaka. Baba akambishia kwa adabu mpaka yule kijana akacheka, wakapatana. Kulikuwa na mwonjaji wa kahawa, mtu wa wanunuzi wa Ulaya, ambaye angepita Masasi baada ya mavuno akitokea upande wa Songea. Akiipa kahawa yetu alama nzuri, Bwana Shamba angeleta miche zaidi na mashine ya kumenyea, na angetuombea tangi la kukingia maji ya mvua pale nyumbani. Ikishindwa, Baba angeing'oa na kupanda mikorosho kama watu wengine.

Baba alifikiria miche na mashine. Mama alifikiria tangi. Hakulisema, lakini nilimkuta siku moja amesimama pembeni ya nyumba akipima kwa hatua mahali litakapokaa.

Mavuno yale nilikuwepo. Tulichuma zilizoiva tu, tukazimenya kwa vidole, tukaziosha kwa maji ambayo tungeweza kuyanywa, tukazianika juu ya jamvi na kuziingiza ndani kila ukungu ulipotanda. Baba akachambua punje moja moja, akampa Mama kikapu kidogo kimejaa, akamwambia akitunze kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba ile. Mwonjaji alikuwa bado majuma saba hivi kufika.

Mama akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Chakula cha kula tunakiweka ghalani. Mbegu ya mwaka ujao, mahindi yale mazuri na mtama ule uliochaguliwa, tunaiweka juu ya meko kwenye uchaga, moshi uipite mchana kutwa na mdudu asiiguse. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo ambayo kitu cha shambani kinaweza kupewa. Mgongo wake ulikuwa umeshamkatalia kunyoosha mikono, kwa hiyo nikapanda mimi juu ya kinu, akanipa kikapu, nikakisukuma mpaka katikati ambapo moshi ni mzito zaidi. Nakumbuka nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Harufu hatukuisikia. Sisi wenyewe tulinuka moshi, nguo zetu, mablanketi, hata madaftari yangu ya shule. Baba alikibeba kikapu kile mapajani ndani ya lori kutoka Newala mpaka Masasi, akakinusa mara kadhaa, akaniambia kinanukia nyumbani.

Tulipofika tukaambiwa Bwana Shamba amelazwa na homa. Alikuwa amemwachia mwonjaji habari ya mapatano yao, na maagizo kwamba binti wa mzee ni mwalimu, anajua Kiingereza, atafasiri. Mwonjaji alikuwa mtu mfupi, mnene, mpole, hajui neno la Kiswahili zaidi ya jambo. Alikuwa amepanga vikombe vyeupe mezani, na chini ya meza kuna ndoo. Akakoboa punje zetu, akazikaanga mwenyewe kwenye kikaango kidogo juu ya stovu ya mafuta ya taa, akasaga, akamimina maji ya moto, akangoja. Kisha akaanza kazi yake. Alichota kijiko, akakivuta kinywani kwa kelele kama mtoto anayekunywa uji wa moto, akakizungusha mashavuni, akatema ndooni. Baba alinitazama. Nyumbani kwetu mtu mzima akinywa hivyo anaondolewa chakula.

Kabla ya kahawa yetu alifungua kopo dogo la bati alilolitoa kwenye mfuko wa koti. Alieleza kuwa mle ndani mna kahawa ya shamba moja tu, tena ya kilima kimoja cha shamba lile, haichanganywi na nyingine, na haiuzwi madukani. Wanaoinunua Ulaya ni wachache, na wanailipia bei ambayo alicheka kuitaja. Yeye anatembea nayo kama fundi anavyotembea na futi, apimie nyingine. Ile aliipa alama tisa kati ya kumi, akasema kumi hajawahi kumpa yeyote. Halafu, kwa ukarimu wake tu, akatumiminia vikombe viwili, mimi na Baba.

Sikuwa nimewahi kunywa kahawa isipokuwa ile ya maziwa waliyotupa masista chuoni. Ilianza na uchachu kama wa ukwaju, nikakunja uso, kisha uchachu ukaondoka na kuacha utamu ambao haukuwa wa sukari, ukakaa nyuma ya ulimi muda mrefu. Baba alikunywa yake yote bila kutema. Akaniambia nimuulize shamba lenyewe liko wapi. Mgeni akalitaja. Baba akaweka kikombe chini taratibu.

"Mwambie nilichuma pale," akasema. "Miaka minne. Leo ndiyo naionja."

Nikafasiri. Mgeni akafurahi, akamshika Baba mkono kwa mikono miwili. Habari ya pindo la suruali Baba hakuisema, lakini tulitazamana, na uso wake uling'aa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tena tangu nilipofaulu kwenda chuo. Ile ya koponi ilikuwa mama wa miti yetu.

Kisha akaonja ya kwetu.

Alivuta kijiko cha kwanza, akatema haraka. Akanusa kikombe. Akaonja cha pili, akafumba macho. Cha tatu, akakizungusha muda mrefu kuliko vyote alivyokuwa ameonja. Akachukua kadi, akaandika sifuri kwa penseli, na chini yake maneno ya Kiingereza. Sifuri Baba aliijua.

Akaniambia kwa Kiingereza, polepole ili nisipotewe na neno. Kahawa hii imekaa juu ya moto. Kahawa inanyonya kila harufu, na yenye moshi haipewi alama, hiyo ndiyo sheria ya kazi yake. Lakini chini ya moshi kuna kitu, anakisikia, na kitu hicho kinamshangaza. Mwakani ianikwe vile vile, itunzwe mahali pakavu mbali na jiko, wampelekee kifurushi kwa posta, ataionja upya kwa moyo wote. Mwambie mzee asiing'oe.

"Kasemaje?" Baba akauliza.

Akilini nilimwona Mama akimpa mtu kikapu juu ya kinu. Niliona mgongo wake. Nilijua ni maneno gani yangetoka kinywani mwa Baba tukifika nyumbani, na nilijua hayataisha msimu huo wala ujao. Kwa miaka mingi nimejiambia nilimkinga Mama. Sasa mimi ni mzee na sina haja ya kujipendekeza: mikono iliyokisukuma kikapu katikati ya moshi ilikuwa yangu, na nilimwogopa Baba kama mtoto.

"Anasema udongo wa kwetu haufai kahawa," nikamwambia.

Halafu akauliza, "Maji je? Hayakutosha?"

"Maji hayana kosa, Baba."

Akaitika kwa kichwa, akamshukuru mgeni. Yule mgeni akanitazama kana kwamba anangoja jibu refu zaidi, akanikabidhi kadi. Nami nikampa Baba, naye akaitia mfukoni bila kuitazama.

Nilikuwa na nafasi ya kutengua. Njia yote ya kurudi nilikuwa nayo. Lori liliposhindwa mlima tukateremka kusukuma, bega langu likiwa karibu na lake, na maneno yalikuwa yameshanifika kinywani. Nikasema moyoni, nitamwandikia. Nikasema, likizo ijayo, Mama akiwa hayupo, nitamweleza taratibu. Nilishukia njia panda nikarudi shuleni kwangu kusahihisha madaftari.

Likizo ijayo nilikuta nyuma ya nyumba kweupe. Alikuwa ameing'oa yote ndani ya juma moja, akakata vigogo, akavipanga ukutani. Mama alikuwa anapikia kuni za kahawa. Mikorosho hakupanda. Bwana Shamba alileta miche ya mikorosho mara mbili, ikakauka ndani ya makopo yake. Nilipomsalimu Baba shikamoo aliitika marahaba bila kuinua macho, na baada ya chakula akasema jambo ambalo lilinifunga kinywa.

"Mtu anaweza kuwa mvivu akajirekebisha. Udongo ukiwa mbovu, unakaa kufanya nini?"

Kama ningesema siku ile, ningekuwa namwambia kwamba miti ile ameing'oa bure. Sikuweza. Kabla ya mvua akaandikisha jina Masasi, akapanda gari la manamba kurudi kaskazini, mtu mwenye mvi tayari. Zilikuja barua mbili alizoandikiwa na watu. Halafu akaja mtu wa Lisekese ametokea huko, akatuletea blanketi lake na sanduku dogo, akatuambia alizikwa vizuri.

Tangi halikuja. Mama aliendelea kuteremka bondeni, na kwa muda mrefu baada ya miti kwisha alibeba mitungi miwili. Nilipomuuliza wa pili ni wa nini, alisema miguu imezoea.

Miaka ikapita, bendera ikabadilishwa, nikamchukua akae kwangu. Siku moja mchana alikuwa anapanga nguo, akatoa kadi kwenye lile sanduku la Baba, imekunjika pembe, penseli imefifia lakini inasomeka. Akaniletea kibarazani nilipokuwa nachambua mchele.

"Hii ndiyo ile karatasi ya Mzungu," akasema. "Nisomee, mwanangu. Sijawahi kusikia ilivyoandikwa."

Niliishika. Neno la kwanza chini ya sifuri lilikuwa moshi. Ya mwisho yalisema mzee asiing'oe. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo umejikunja, ananingoja.

"Mimi siku zote nilifikiri labda ni ule uchaga," akasema. "Baba yako aliniuliza siku anaondoka. Nikamwambia hapana, mwanao amesoma, amesikia mwenyewe, ni udongo."

Nikaitazama kadi ile kana kwamba naisoma.

"Ni udongo, Mama," nikasema.

Akavuta pumzi, akaipokea, akairudisha sandukuni pamoja na blanketi.